Kumsaidia Mhadhiri Aingie Kwenye Mfumo wa Masomo Mtandaoni

Mfumo wa masomo mtandaoni ni programu inayokaa kwenye seva ya chuo na kulipatia kila somo ukurasa wake: notsi za wiki, asaimenti na siku yake ya mwisho, majaribio, alama, na kumbukumbu ya nani ameingia lini. Mmoja unaotumika sana katika vyuo vya Afrika Mashariki ni Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa Agosti 2002. Hauna ada ya leseni. Chuo hugharimia seva, umeme na watu wa kuutunza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na mfumo wa WebCT, kisha baadaye kikahamia Moodle.

Kuusimika mfumo huchukua wiki chache. Kuwafanya wahadhiri wautumie huchukua miaka, na hapo ndipo vyuo vingi hukwama. Joel Mtebe, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 2015 kwamba vyuo vya kusini mwa Sahara vimetumia fedha nyingi kwa mifumo hii ilhali matumizi yake yamebaki madogo. Kurasa za masomo zipo, nyingi zikiwa na muhtasari wa somo tu.

Unguja ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa makini. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, kimetawanyika: Tunguu, Vuga, Beit-el-Ras, Maruhubi, Mbweni, Chwaka, hadi Pemba. Mhadhiri anayekaa mtaa wa Mpendae anaweza kuwa na kipindi Tunguu asubuhi na kingine Beit-el-Ras siku ya pili, na karatasi za wanafunzi zikamfuata kwenye daladala huku na huko. Kwa chuo cha namna hii, mfumo wa mtandaoni unapunguza safari na mizigo. Fedha za vifaa nazo zimeanza kupatikana, kwani SUZA iliingizwa katika mradi wa HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu Tanzania nzima.

Lakini vifaa peke yake havitoshi. Mwaka 1989 Fred Davis, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kupima mambo mawili: kama itamfaa katika kazi yake, na kama haitamtesa kuitumia. Mafunzo mengi ya vyuoni hushughulikia la pili na kuliruka la kwanza. Wahadhiri arubaini hukusanywa kwenye maabara ya kompyuta, huoneshwa kila kitufe kwa siku mbili, hupewa vyeti, na wiki ya tatu wengi wao wamesahau hata neno la siri.

Njia yenye matunda huanza na mzigo mmoja ambao mhadhiri mwenyewe anaulalamikia, na mara nyingi ni ukusanyaji wa asaimenti. Darasa la wanafunzi 150 huleta karatasi kwa kiongozi wa darasa, kiongozi huzileta ofisini, mbili hupotea, watano huapa kwamba waliwasilisha, na mhadhiri hana ushahidi wa kumkubalia wala wa kumkatalia yeyote. Kwenye mfumo, kila kazi hupokelewa ikiwa na saa na tarehe, aliyechelewa hujulikana kwa dakika, na alama zikiingizwa mara moja hujumlishwa zenyewe mpaka mwisho wa muhula. Mhadhiri aliyeonja nafuu hiyo atauliza mwenyewe habari za majaribio yanayojisahihisha. Asiyeionja hatashawishiwa na semina wala waraka.

Mpinzani mkubwa wa mfumo ni WhatsApp. Vyuo vikuu vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa Juni, kundi la darasa lilikuwa kitu kilicho karibu zaidi na mkono wa kila mtu. Kundi ni rahisi, lina bando lake nafuu, na halimdai mhadhiri ajifunze kitu kipya. Kulipiga marufuku ni kosa. Bora libaki la matangazo, huku notsi na kazi zikikaa kwenye mfumo na kiungo chake kikitumwa kundini. Tofauti huonekana mwezi wa pili: aliyejiunga na darasa kwa kuchelewa, au aliyebadilisha simu, hukuta kwenye mfumo kila kitu tangu wiki ya kwanza, na mhadhiri haamshwi saa sita za usiku kutuma upya notsi zile zile.

Msaada unaofaa ni wa mtu kuketi na mhadhiri mbele ya somo lake mwenyewe, kwa notsi zake mwenyewe, kwa nusu saa. Ukurasa wa somo uwe umeshafunguliwa na wanafunzi wameshaandikishwa kutoka orodha ya usajili. Kumwambia mhadhiri aanze na ukurasa mtupu ni kumfukuza. Kisha yaje mambo madogo ambayo hayamo katika vitabu vya maelekezo. Mhadhara wenye picha zilizopigwa kwa simu unaweza kufika megabaiti 60. Akijaribu kuupakia nyumbani Mpendae kwa bando la simu, faili hukwama katikati, hujaribu tena, na bando huisha. Faili hilo hilo, picha zikipunguzwa ukubwa na kugeuzwa PDF, linaweza kushuka chini ya megabaiti tano, na mwanafunzi naye akalipakua kwa gharama ndogo. Mhadhiri aliyefundishwa hilo peke yake ameshapata faida ya mafunzo.

Msaidizi huyo bora awe wa idara ile ile. Mwalimu wa historia humwelewa haraka mwalimu mwenzake wa historia kuliko fundi wa TEHAMA, na mhadhiri mwenye miaka thelathini kazini hukubali kuuliza swali dogo mlango ukiwa umefungwa, si mbele ya vijana aliowasomesha. Heshima hii ilindwe. Wengi wanaoitwa wagumu wa kubadilika wanaogopa kuaibika tu.

Zipo pia hofu ambazo chuo hakina budi kuzijibu kwa maandishi. Notsi zikishawekwa ni mali ya nani? Kumbukumbu za kuingia zitatumika kumsaidia mhadhiri au kumwandikia barua? Na saa za kuandaa somo la mtandaoni zinahesabiwa katika mzigo wa kazi, au ni za kujitolea? Pasipo majibu, mtu mwenye busara husubiri.

Siku za mwisho za kazi zipangwe kwa kuujua umeme wa hapa. Unguja hulishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Hitilafu ya Desemba 2009 iliiacha miezi mitatu gizani. Waya wa megawati 100 uliokamilika mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini umeme wa mitaani bado hukatika, na siku ya mwisho isiyo na saa 24 za ziada huwaadhibu wanafunzi kwa kosa lisilo lao. Programu ya Moodle ya simu huruhusu kupakua notsi na kuzisoma bila mtandao, jambo linalostahili kuoneshwa darasani siku ya kwanza.

Muhula wa pili ndio unaoonesha kama mfumo umeshika. Ukurasa wa somo hunakiliwa mzima kwa darasa jipya, na mhadhiri hubadilisha tarehe, maswali na alichoona hakikueleweka. Kwa sababu hiyo msaada usikatwe muhula wa kwanza ukiisha: anayeachwa kabla ya kunakili hulazimika kuanza upya, na wengi hawaanzi.