Saa Saba za Tiketi si Saa Saba za Safari

Mwanafunzi wangu mmoja, aliyekuwa amepata nafasi ya masomo nchini Marekani, alinijia ofisini mwezi wa Januari akiwa na tiketi yake ya ndege mkononi. "Mwalimu," akasema, "kumbe New York si mbali hivyo. Ni saa saba tu!" Ndege ingeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku na kutua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Binti huyo alikuwa ametoa saa kwa saa, akapata saba.

Ningecheka, lau si jambo moja. Ana ugonjwa wa sukari, na hujidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Kwa hesabu yake, safari nzima ingepita baina ya sindano mbili. Kwa hivyo alikusudia kuitia dawa katika sanduku kubwa, lile ambalo abiria halioni tena mpaka atue.

Umbali baina ya viwanja hivyo viwili ni takriban kilomita 11,800, na ndege kubwa za abiria huenda kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa. Hizo pekee ni saa 13, kabla ya kupaa na kutua. Tangu safari ya moja kwa moja ilipoanzishwa tarehe 28 Oktoba, 2018, kwenda huchukua saa 15 hivi na kurudi saa 14, kwa kuwa pepo kali za anga za juu huvuma kutoka magharibi, zikaisukuma ndege irudipo.

Saa nane alizozikosa zilikuwa katika tofauti ya majira, kwani wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. (Kiangazi ni saba, maana wenzetu hao husogeza saa zao mbele.) Nikamwandikia safari ya kurudi: kuondoka saa sita mchana, kutua Nairobi saa nne asubuhi ya siku ya pili. Akatoa, akapata 22. Akaduwaa. Walakini 7 na 22 ni 29, sawasawa na 15 na 14; kilichopunjwa wakati wa kwenda hulipwa wakati wa kurudi.

Mimi mwanaisimu nalilaumu pia neno lenyewe. Saa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni chombo kivaliwacho mkononi, ni kipimo cha muda, na ni wakati maalumu wa siku. "Saa saba" ni dakika 420, na papo hapo ni wakati baada ya adhuhuri. Walimu tunafundisha kwa bidii kuisoma saa. Ni nadra tumfundishe mtoto kusema "muda wa saa saba" anapokusudia muda.

Binti alikwenda kwa daktari wake, wakapanga upya nyakati za sindano kwa kufuata zile saa 15. Dawa, pamoja na barua ya daktari, akaitia katika mkoba wa mkononi.