Gliserini na Propilini Glikoli katika Sigara za Umeme

Wakati wa kipupwe, upepo mkavu unapovuma katika uwanda wa Dodoma, midomo hupasuka na ngozi hukauka. Wengi wetu hununua dukani chupa ndogo ya gliserini, tukajipaka, na ngozi ikalainika. Gliserini hiyo hiyo, pamoja na kimiminika kingine kiitwacho propilini glikoli, ndiyo hujazwa ndani ya sigara za umeme. Vijana huambiwa kwamba vimiminika hivyo havidhuru, kwa kuwa vyote viwili hutiwa katika vyakula na dawa. Je, hoja hiyo ni sahihi? Kabla ya kujibu, yatupasa kuvifahamu vimiminika vyenyewe.

Gliserini aghalabu hutokana na mafuta. Chukua mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Dodoma na Singida. Karibu kila molekuli yake ni gliserini iliyoshikamana na asidi tatu za mafuta. Mafuta hayo yakichemshwa pamoja na kostiki soda, muungano huo huvunjika: asidi hugeuka sabuni, na gliserini hubaki huru. Kilo 100 za mafuta hutoa takriban kilo 10 za gliserini. Propilini glikoli, kwa upande wake, mara nyingi hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta yachimbwayo ardhini.

Molekuli za vimiminika hivi hufanana kama ndugu. Kila moja ina atomu 3 za kaboni. Lakini gliserini ina vikundi 3 vya haidroksili, na mwenzake ana 2 tu. Vikundi hivyo huzifanya molekuli zivutane. Ndiyo maana gliserini ni nzito mithili ya asali, nayo huchemka kwenye nyuzi 290 za Sentigredi, ilhali propilini glikoli ni nyepesi zaidi na huchemka kwenye nyuzi 188. Tukumbuke kwamba maji hapa Dodoma, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, huchemka karibu na nyuzi 96.

Watengenezaji huchanganya vyote viwili kwa sababu hiyo. Gliserini hutoa wingu zito jeupe na ladha tamu kidogo, lakini hupanda utambi polepole. Propilini glikoli hupita upesi na huchukua vema nikotini na manukato, ila hukereketa koo.

Sasa tuingie jikoni. Mafuta ya kupikia yakiachwa motoni kupita kiasi, hutoa moshi unaochoma macho na pua. Sehemu ya ukali huo ni akrolini, kemikali inayozaliwa gliserini iliyomo katika mafuta inapopoteza maji kwa sababu ya joto kali. Jambo hilo hilo laweza kutokea ndani ya sigara ya umeme, hasa utambi unapokauka na waya kupata joto mno. Propilini glikoli nayo huvunjika, ikatoa fomaldehidi na asetaldehidi. Kwa hiyo anachovuta mtu si kile tu kilichokuwamo chupani.

Tena, mapafu si tumbo. Tumbo huvunjavunja chakula, na ini huchuja mengi yanayotoka huko. Mapafu ni utando mwembamba uliokusudiwa kupokea hewa. Mwaka 2019 ugonjwa mkali wa mapafu ulizuka Marekani miongoni mwa wavutaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 wagonjwa walikuwa zaidi ya 2,800, na 68 kati yao walikufa. Uchunguzi uliuhusisha zaidi na vitamini E asetati, iliyotiwa hasa katika vimiminika vya bangi. Kitu hicho humezwa kama vidonge na kupakwa ngozini bila madhara.

Ni kweli kwamba sigara ya umeme haichomi tumbaku, wala haitoi lami kama sigara ya kawaida. Lakini asiyevuta chochote hapati faida yoyote kwa kuianza, na nikotini humfunga upesi kijana kuliko mtu mzima.

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa jaribio jepesi. Weka gliserini safi katika kisahani, uipime uzito kila siku kwa juma moja, kisha urudie wakati wa mvua. Wanafunzi wataona jinsi inavyonyonya unyevu wa hewa. Halafu waulizwe: kitu kinachoilainisha ngozi kwa namna hiyo, kikipashwa moto na kuvutwa, bado ni kitu kile kile?