Pawa saplai ya kuchimbia kripto nyumbani: soma lebo ya pembeni kwanza

Leo nataka kujibu swali ambalo vijana wa hapa Tanga wananiuliza sana: mashine ya kuchimba kripto niiwekee pawa saplai gani? Mimi si injinia, nimeishia kidato cha nne tu, lakini hili nimelijua kwa moshi.

Mwanzoni mwa 2022 vijiweni watu walikuwa wamechangamka. Rais Samia alikuwa ameshaiambia Benki Kuu, Juni 2021, ijiandae na sarafu hizi za mtandaoni. Nami nikaunga kadi mbili za RX 580 za mtumba chumbani kwetu Ngamiani, nichimbe Ethereum. Hela yote iliishia kwenye kadi, kwa hiyo pawa saplai nikachukua ya bei chee, imeandikwa WATI 600 kwa herufi kubwa. Kadi nilizipunguza nguvu zikawa zinakula kama wati 130 kila moja. Ukijumlisha na bodi, feni na mengineyo, wati 350 hazifiki. Nikasema inatosha na chenji inabaki.

Usiku wa tatu chumba kikanuka plastiki inayoungua. Mama ndiye aliyeamka akachomoa plagi. Mdogo wangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima. Akaigeuza ubavu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa ulisoma?" Kwenye safu ya +12V imeandikwa 17A. Haya zidisha: 12 mara 17 ni 204. Yaani ile ya wati 600 ilikuwa ya wati 204! Kadi za grafiki zinakula karibu umeme wake wote kwenye volti 12. Wati nyingine ni za volti 3.3 na 5, ambazo kwa kazi hii hazikusaidii kitu, na nyingine zimeandikwa kudanganyia watu kama mimi.

Kwa hiyo ukienda dukani achana na boksi. Chukua ampea za volti 12, zidisha kwa 12, halafu panga kutumia asilimia 80 tu ya hapo, maana mashine ya kuchimba haipumziki usiku wala mchana. Mimi nilihitaji kama ampea 37, siyo 17. Inyanyue pia, ikiwa nyepesi kama kopo tupu irudishe. Alama ya 80 Plus ni nzuri lakini inahusu umeme unaopotea kuwa joto, siyo usalama, na stika yoyote mtu anaweza kuibandika. Tafuta jina la modeli kwenye orodha yao mtandaoni.

Zile kutoka nje zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kiko 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa 115 kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.

Sasa waya. Wengi wanaonyanyua kadi kwa raiza wanailisha raiza kwa kichwa cha SATA, kile cha diski. Kichwa hicho mwisho wake ni wati 54 kwenye volti 12, wakati kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 75 kupitia pale inapochomekwa. Ndiyo maana vichwa hivyo vinayeyuka. Tumia waya wa kadi wenye pini 6. Na usiazime waya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia vizuri, mpangilio wa pini unaweza kuwa tofauti ukaua kadi.

Ukigusa kesi ikakutekenya, waya wa ardhi haupo au haufanyi kazi. Muite fundi umeme, usiizoee. Wenye Antminer S9 (inakula kama wati 1,300) wasithubutu kutumia ekstensheni nyembamba, tena iliyoviringishwa. Na sisi wa pwani tuna chumvi hewani, usiiweke dirisha la upande wa bahari, na kipindi cha kaskazi joto lenyewe unalijua.

Halafu LUKU. Wati 600 usiku na mchana ni uniti 14.4 kwa siku, 432 kwa mwezi. Uniti 75 za D1 zinakwisha siku ya sita. Kwa bei ya T1 iliyopangwa 2016, shilingi 292 kwa uniti, ni shilingi 126,144 kabla ya kodi. Ethereum yenyewe iliacha kuchimbwa Septemba 15, 2022, na sarafu nilizojaribu baada ya hapo hazikurudisha hela hiyo. Kadi moja nimeuza, nyingine dogo anachezea gemu, kwa pawa saplai ya ampea 40.

Mwenye lebo asiyoielewa aandike namba zake hapo chini kwenye maoni, tuzidishe pamoja.