Ukibuliwa Shuleni, Urushe Ngumi ama Unyamaze?

Kama ulipitia boarding, hii stori unaijua. Mono anafika na boksi mpya, jioni hiyo hiyo anaambiwa apige simu na kiatu, azime balbu kwa kuipuliza, afue soksi za msee wa form three. Akikataa, kichapo. Iwe ni Njoro, Molo ama Gilgil, mchezo ni ule ule.

Sasa ufanye? Buda atakwambia urudishe ngumi. Mathe atakwambia umwachie Mungu. Wote wako na point, lakini hakuna aliyemaliza.

Ngumi ni ya kujitoa tu

Sheria ya Kenya inakubali ujikinge. Msee akikukaba shingo, si lazima usimame hapo kama mlingoti. Sukuma, jitoe, piga nduru. Lakini nguvu iwe ya kiasi cha kukutoa hapo, basi. Kesho ukirudi na mabeste wanne na rungu, hiyo si kujikinga tena. Hiyo ni kulipiza, na kuanzia miaka 12 unaweza kushtakiwa.

Kulipiza haina full time

Watu wa Nakuru hawahitaji kufunzwa hii. Januari 2008, vijana waliingia barabarani Nakuru na Naivasha wakisema wanalipiza yaliyofanyika kwingine Rift Valley. Walioumia ni majirani ambao hawakuwa wamemgusa mtu. Nchi nzima, zile fujo ziliua zaidi ya watu 1,100.

Na usitafute back up kwa magenge kama Confirm. Ulinzi wao si wa bure manze. Leo wanakutetea, kesho wanakutuma.

Lakini kunyamaza pia si amani

Hapa ndio wengi huchanganya mambo. Kukataa kupigana si kufunga mdomo. Mwaka 2017, stori za bullying pale Alliance High School zilipotoka nje, wanafunzi kadhaa walisimamishwa masomo na prinsi akaondoka. Hakuna mono aliyehitaji kushinda vita. Watu waliongea, ikabidi wakubwa wasikie.

Bully anategemea kitu moja: ile sheria ya dorm kwamba ukisema, umechomea wenzako. Ivunje hivi:

- Andika tarehe, mahali, nani alifanya na nani aliona.
- Usitembee peke yako, hasa usiku.
- Ambia mwalimu mmoja unayemwamini. Akikupuuza, ambia mzazi.
- Piga 116, laini ya kusaidia watoto. Ni bure, usiku na mchana.
- Ukiumizwa, tibiwa kwanza na uweke karatasi za hospitali. Kisha mwende na mzazi polisi, muulizie P3.

Na ukishakuwa mkubwa?

Wengi wa wanaobuli walikuwa mono waliobuliwa. Walingoja mwaka uishe, wakamlipizia mtoi ambaye hata hakuwepo. Hiyo nafasi itakufikia hata wewe, siku utakayopewa mono wa kushare naye kyubu. Muonyeshe tu mahali maji ya kuoga hupatikana.