SUMUKUVU: ADUI ALIYE UDONGONI NA MSAADA ULIO UDONGONI



Mahindi yanapochambuliwa nyumbani, punje zenye ukungu wa kijani hutengwa. Baadhi ya watu huzitupa, wengine huwapa kuku, na wengine huzisaga pamoja na nzima wakiamini kwamba moto utamaliza kila kitu. Katika makala haya tutaeleza ukungu huo ni nini, kwa nini ni hatari, na vipi wataalamu wameutumia huo huo kuokoa mazao.

Ni kiumbe gani?

Jina lake la kitaalamu ni Aspergillus flavus. Ni kuvu anayeishi udongoni akila mabaki ya mimea. Mbegu zake ni nyepesi kama vumbi, na upepo huzipeleka hadi kwenye mahindi shambani. Karanga humpata huko huko chini ya ardhi. Ukame, joto kali na wadudu wanaotoboa punje humfungulia mlango.

Madhara yake

Kwanza, kuvu mwenyewe anaweza kuota mwilini: katika jicho lililochomwa na jani, katika uwazi wa mifupa ya pua, au katika mapafu ya mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofika. Mtu mwenye afya humvuta kwa pumzi bila ya kudhurika.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu. "A" ni ya Aspergillus, na "fla" ni ya flavus. Ilijulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kutokana na chakula chenye mashudu ya karanga.

Sumu hii hushambulia ini. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi huua. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalitokea Dodoma na Manyara, Tanzania.

Sumu hii haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu hupita kwenye maziwa.

Kuvu dhidi ya kuvu

Si kila kuvu wa aina hii hutengeneza sumu. Ndugu yake wa karibu, Aspergillus oryzae, hutumiwa Japani tangu karne nyingi kutengenezea mchuzi wa soya. Hata ndani ya flavus wenyewe wamo wasio na sumu.

Hapo ndipo wataalamu walipopata njia. Huwatafuta wasio na sumu katika udongo wa nchi husika, wakawapaka kwenye punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote. Mkulima humwaga mtama huo shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hao hutangulia kushika nafasi, na wenye sumu wakafika wakakosa pa kukaa. Sumu katika mavuno hupungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa hii huitwa Aflasafe. Kenya iliisajili mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tuanike mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu.

2. Tuyapime kabla ya kuyahifadhi. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

3. Tuweke magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.

4. Punje zilizooza, zenye ukungu au zilizotobolewa tuzitupe. Tusiwape mifugo, wala tusimuuzie mtu. Anayeuza chakula anachojua kuwa kimeharibika anamdhulumu mwenzake.

Wanafunzi, dawa ya shambani haiondoi kazi ya kuanika. Yafikisheni haya kwa wazee nyumbani kabla ya mavuno yajayo.