Manono: Lithiamu haitoki ardhini ikiwa tayari kwa batri

Spodumene ni jiwe jeupe au la kijivu ambalo halivutii macho. Kule Manono, katika jimbo la Tanganyika, kwa miaka mingi watu walilipita wakitafuta bati, tangu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Leo jiwe hilo ndilo linalofanya mji huo, ulio karibu kilometa 500 kaskazini mwa Lubumbashi, utajwe duniani kote. Ndani yake mna lithiamu, metali ya batri za simu na za magari ya umeme.

Lithiamu ni ya jamaa ya metali za alkali, pamoja na sodiamu na potasiamu. Ni laini, kisu kinaikata. Ni nyepesi kuliko metali zote, hata inaelea juu ya maji, lakini maji hayo yanatoa povu na gesi ya hidrojeni. Kwa hiyo katika maabara inahifadhiwa ndani ya mafuta. Sababu ni kwamba kila atomu yake ina elektroni moja ya nje, na inaitoa kwa urahisi. Jamaa ya jirani, yenye kalisiamu na magnesiamu, inatoa elektroni mbili.

Wepesi huo na urahisi wa kutoa elektroni ndivyo vinavyoifanya lithiamu ifae kwa batri. Lakini urahisi huohuo ndio unaofanya isipatikane kamwe peke yake ardhini: daima imeshikana na vitu vingine. Ndugu zake ni hivyohivyo. Sodiamu iko katika chumvi ya jikoni, potasiamu katika jivu, maharagi na ndizi, kalisiamu katika chokaa, simenti na mifupa yetu.

Dhahabu mchimbaji anaweza kuiosha mtoni na kuiuza jioni. Lithiamu inadai kiwanda. Katika kilo 100 za spodumene safi, lithiamu haifiki kilo 4. Jiwe linachomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, linatiwa asidi ya sulfuriki, kisha mara nyingi kabonati ya sodiamu inatumiwa ili kuitenganisha lithiamu.

Kazi hiyo inahitaji barabara, mafundi na umeme mwingi. Kituo cha umeme cha Mpiana Mwanga, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mgodi wa bati wa Manono, kilikaa miaka mingi bila kufanya kazi. Na mabishano juu ya haki za kuchimba, kati ya AVZ ya Australia, Zijin ya China na kampuni ya serikali Cominière, yalifika hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Kwa Congo, hadithi hii si mpya. Radiamu, metali ya jamaa moja na kalisiamu, ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Tangu 1922 mawe hayo yalisafishwa Olen, Ubelgiji, na faida kubwa ilibaki huko. Leo sehemu kubwa ya lithiamu ya dunia inasafishwa China.

Aprili 2022, RDC na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri pamoja. Kwa vijana wa Manono, mapatano hayo yatapimwa kwa jambo moja: tanuru la kuchomea jiwe lao litawashwa wapi. Likiwashwa mbali, watabaki na mashimo, kama yale ya bati.