Simama Mbele ya Mshale

Ndugu msomaji, nyoosha mkono wako mbele. Simamisha kidole gumba. Funga jicho la kushoto, ukitazame kidole hicho na mti ulio mbali nyuma yake. Sasa funga la kulia, ufungue la kushoto. Umeona? Kidole kimeruka upande! Lakini mkono haukusogea. Kilichobadilika ni mahali unapotazamia.

Wataalamu huita jambo hili paralaksi. Je, linatuhusu nini sisi wa Puge? Linatuhusu siku ya kuuza pamba.

Tazama mizani ya kutundika yenye mshale. Mshale haugusi namba. Uko mbele yake kidogo, kama kidole na ule mti. Tuseme mizani ni ya kilo 100, sifuri iko juu, na mshale unaelekea chini kwenye 50. Aliyesimama upande wa kushoto anaweza kusoma 49 na nusu. Aliye kulia anaweza kusoma 50 na nusu. Mzigo ni ule ule! Mizigo kumi ikisomwa hivyo kutoka kushoto, mkulima amepoteza kilo 5. Na huenda karani hakukusudia kuiba, amesimama vibaya tu.

Hata bunduki yenye darubini ina shida hii. Jicho likisogea, alama ya kulengea huonekana kuhama, na risasi hukosa shabaha. Darubini nyingine zina kitufe cha kuzungusha mpaka alama itulie. Mizani yetu haina kitufe hicho. Cha kurekebisha ni jicho lako.

Basi tufanye hivi:

1. Kabla ya kupima, hakikisha mizani ni tupu na mshale uko kwenye sifuri.

2. Mzigo ukitundikwa, ngoja utulie.

3. Simama mbele kabisa, jicho liwe usawa wa mshale. Mizani ikiwa juu mno, omba ishushwe.

4. Soma namba mwenyewe, uiandike. Kisha linganisha na stakabadhi.

Mizani ya umeme haina mshale, kwa hiyo haina kosa hili. Lakini nayo lazima ianze kwenye sifuri.

Mkiona namba mbili tofauti, msigombane. Simameni wote mbele, mmoja baada ya mwingine, msome tena. Tumejifunza kusoma kitabu. Sasa tusome na mizani, maana humo ndimo lilimo jasho letu.